Mkorogo wa kuku: kuyachubua na kuyatia rangi manyoya ya jogoo kwa ajili ya chambo

MshipiMmoja (Makorora, Tanga)

Salaam aleikum wakuu, na wengine habari za jioni.

Uzi huu ni mrefu na wenyewe ni wa watu wachache, najua. Nafunga vyambo vya manyoya hapa Makorora mwaka wa nne sasa. Vingi vinachukuliwa na vijana wa Sahare na Deep Sea wanaorambaza nguru na mzia, yaani wanavuta chambo nyuma ya chombo kikiwa mwendoni, vichache anavichukua jamaa anayepeleka wageni baharini. Wageni hao chambo hiki wanakiita "nzi", hata kiwe na urefu wa kiganja na kimefungwa kwa mfano wa dagaa. Zamani nilikuwa nacheka, sasa mtu akisema nimfungie nzi kumi nauliza tu rangi gani.

Tatizo letu huku si ndoana wala uzi wa kufungia. Ni manyoya. Chambo kizuri kinataka manyoya marefu, membamba, ya shingoni mwa jogoo au yale yanayoning'inia kiunoni kabla hujafika mkiani. Kuku wa kisasa hana hayo. Anachinjwa ana wiki tano au sita, na manyoya yake meupe ni pamba tupu. Unabaki na jogoo wa kienyeji, na jogoo wa kienyeji wa Tanga ni mwekundu, au mweusi, au ana rangi saba kama doti la sikukuu. Jogoo mweupe aliyekomaa yupo, lakini ukimkuta sokoni Mgandini unamgombania na watu waliotumwa na waganga, na wale hawaulizi bei.

Ndiyo maana nikaanza kuchubua.

Mara ya kwanza nilitumia jiki. Nilijiambia, dawa inayotoa madoa kwenye kanzu itashindwa na unyoya? Nikamimina kwenye beseni, nikatia manyoya ya majogoo watatu, nikaenda kuswali isha. Kurudi nikakuta uti mtupu. Nyuzi zote za pembeni zimeyeyuka, maji yanateleza kama ya bamia. Kosa ni langu mwenyewe: kanzu ni pamba, unyoya ni ndugu wa kucha na nywele, na klorini inavila vyote viwili. Majogoo watatu hao nilikuwa nimewangoja wiki mbili wachinjwe.

Binamu yangu ana saluni ya kike huko Ngamiani. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniuliza swali moja: "Wewe nywele za mteja ungezitia jiki?" Akanipa divelopa, ile dawa ya saluni ya kuchubua rangi ya nywele. Tangu siku ile sijarudi nyuma.

Kabla ya divelopa kuna kuosha, na hapa ndipo wengi wanapoharibu bila kujua. Kuku ana tezi ya mafuta juu ya mkia. Ndiyo ile anaidonoa kila asubuhi na kujipaka mwili mzima ili mvua isimwingie. Mafuta hayo yasipotoka, dawa haipenyi na rangi inashika kwa mabaka kama ukuta ulionyeshewa. Mimi naosha kwa maji vuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo, mara tatu, nayabonyeza bonyeza bila kuyasugua. Halafu najaribu kwa tone la maji juu ya unyoya mmoja uliokauka. Tone likisimama kama shanga, bado. Likitanda na kuzama, tayari. Yote yakishapita mtihani huo nayalowesha usiku kucha kwenye maji yenye sabuni kidogo. Unyoya mkavu ukiutumbukiza kwenye dawa unaelea, na upande unaoelea unabaki vilevile.

Divelopa natumia ya majimaji, volyumu 20, ambayo ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 6. Ya 30 ni asilimia 9, ya 40 ni 12, na hizo mbili naziogopa. Ile ya famasi ya kusafishia vidonda mara nyingi ni asilimia 3, inafanya kazi ila utazeeka ukiisubiri. Natia na matone machache ya amonia, maana peke yake inakwenda kivivu. Chombo kiwe plastiki au kioo, sufuria hapana, madini yanaiua dawa mapema. Na usifunge kifuniko! Inatoa hewa muda wote, nilishasikia ndoo ya rangi imeruka kifuniko barazani, mama akadhani ni wezi. Glavu vaa. Ukiona ncha za vidole zimekuwa nyeupe na zinawasha, ndiyo hiyo imekupata, suuza maji mengi.

Sasa jogoo mweusi. Nilivyoona kwangu, baada ya kama saa moja anakuwa kahawia. Baada ya saa tatu hivi anakuwa rangi ya kutu. Ukizidi kungoja anakwenda chungwa, halafu manjano ya majani makavu, na hapo anakwama. Meupe hayaji. Mimi niliyalazimisha, nikabadilisha dawa mara mbili, nikayaacha siku nzima juani. Yalifika rangi ya maziwa yenye chai kidogo, na nilipoyazungushia kwenye ndoana yakakatika moja baada ya moja kama kuti kavu.

Kwa hiyo siku hizi naishia kwenye kutu. Nayatoa, nayasuuza sana, na kazi nyingine nawaachia rangi. Kijani juu ya kutu kinakuwa zeituni safi, ile ya mgongo wa samaki mdogo. Manjano juu ya kutu inakuwa dhahabu. Bluu ndiyo haifai, inatoka matope. Mwenye kutaka bluu au waridi, akatafute jogoo mweupe apambane na waganga.

Habari ya kutia rangi nitaandika kesho, umeme umekatika na simu ina asilimia nane.

---

KolekoleJr (Raskazone)

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Mkorogo wa kuku 😂😂 Kumbe hata jogoo anajichubua.

Mkuu lete na picha, kabla na baada.

---

MzeeWaNgalawa (Tongoni)

Vijana mnajipa kazi. Mimi nimerambaza tangu nina miaka kumi na nne. Chambo chetu kilikuwa manyoya meupe ya jogoo na uzi mwekundu uliochomolewa kwenye kanga chakavu, basi. Nguru alikula, kolekole alikula, faalusi alikula. Nguru akija anakuja kwa mwendo wa risasi, hana nafasi ya kuuliza kama manyoya ni zeituni au dhahabu. Kinachomleta ni mwendo wa chombo na jinsi chambo kinavyocheza. Ukirambaza polepole hata ukitia rangi za peponi utarudi na mshipi mkavu.

---

MshipiMmoja

Shikamoo mzee wangu. Sikubishii hata kidogo kuhusu mwendo. Na nyekundu yenu ya kanga ilikuwa na akili, kwa sababu mlikuwa mnavua juu juu. Nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kupotea ukienda chini, baada ya mita chache inaonekana kijivu tu. Juu ya maji inawaka.

Ila mzee, hiyo nyeupe yenyewe ndiyo hatuipati tena. Ningekuwa na majogoo meupe kumi nisingeandika uzi.

Niendelee na rangi.

Mchana nilikuwa na manyoya ya kutu, yamesuuzwa, bado mabichi. Rangi ninayoanza nayo kila mtu anayo jikoni: rangi ya biriani. Kijiko kimoja cha chai kwa lita moja na nusu ya maji. Nayeyusha kwenye maji ya moto pembeni, nachuja kwa kitambaa, maana chembe ambayo haijayeyuka itaacha doa. Namimina kwenye sufuria kuukuu, natia manyoya, naweka kwenye jiko la mkaa lenye moto mdogo. Baada ya dakika kumi hivi, rangi ikishajitawanya, ndipo natia siki, robo kikombe. Ukianza na siki, unyoya wa kwanza kuingia unanyakua rangi yote na wa mwisho unabaki na njaa.

Moto ni wa kuangalia kama uji wa mtoto. Mvuke upande, lakini yasichemke. Mimi sina kipimajoto, nachovya ncha ya kijiko cha mbao na kuigusisha kifundo cha mkono. Aliyenacho akae kati ya nyuzi 60 na 70. Dakika ishirini hadi arobaini. Raha ya rangi hii ni kwamba unaona imekwisha: maji yanaanza kuwa maangavu kwa sababu rangi imehamia kwenye manyoya. Siku maji yanapobaki na rangi vilevile, ujue siki haikutosha au mafuta hayakutoka.

Na unyoya mbichi unadanganya. Ukiutoa unaonekana umekolea sana, ukikauka unashuka. Toa mmoja, upulize na draya, utazame juani ndipo uamue.

---

BintiUkili (Pangani)

Habari za humu. Mimi si mvuvi, ni msukaji wa mikeka, shemeji yangu ndiye amenitumia uzi huu akisema "kuna mtu anaiba kazi yenu".

Rangi zetu za ukili umezijaribu? Ile ya unga, ya zambarau na ya waridi. Sisi tunachemsha, ukili unavumilia moto. Nilimpa shemeji ajaribu kwenye manyoya bila kuchemsha, imeshika vizuri sana, tena inang'aa kuliko kwenye ukili wenyewe. Kidogo tu inatosha, ncha ya kijiko. Inapaka kila kitu, kwa hiyo sufuria hiyo usiirudishe jikoni tena. Kwetu sufuria ya rangi imetobolewa sikio moja makusudi ili mtoto asikosee.

Jambo jingine, yafunge vifundo kwa uzi kwenye shina, manyoya kumi na tano, ishirini. Ukiyatupa ovyo kwenye maji yanasokotana. Na kifundo kisikazwe, pale uzi unapobana rangi haifiki. Sisi tunafanya hivyo makusudi tukitaka madoa.

---

MshipiMmoja

Dada BintiUkili umenipa kitu. Vifundo nilikuwa sifungi, nilikuwa natia kwenye soksi ya nailoni halafu natumia nusu siku kuyachambua.

---

Tumbatu_Bgy (Bagamoyo)

Mkuu mimi niko Bagamoyo, mke wangu anatengeneza batiki na ana rangi za kila aina. Naweza kutumia hizo hizo?

Pia kuna mtu ana manyoya ya heroe na ya kongoti, anasema wafungaji wa nje wanalipa vizuri. Nichukue?

---

MaabaraMbili

Naomba nijibu la kwanza, ni fani yangu kidogo.

Rangi za batiki hapana. Si kwamba rangi ni mbaya, ni kile kinachoziyeyusha. Batiki inapikwa na kostiki soda. Kostiki ni nzuri kwa pamba, lakini unyoya ni keratini, kitu kilekile cha kucha na nywele, na keratini kwenye kostiki inakwenda njia ileile iliyokwenda kwenye jiki ya mleta uzi. Ndiyo dawa ya kuzibulia sinki lenye nywele, hebu fikiria.

Manyoya yanapenda tindikali na joto. Unapotia siki, keratini inapata chaji chanya, na rangi za aina ya asidi zina chaji hasi, zinavutana. Sufi inafanya hivyohivyo. Rangi nyingi za chakula ni za kundi hilo, ndiyo sababu rangi ya biriani inashika bila kelele. Siki ikikosekana, ndimu ya unga inafanya kazi ileile, kijiko kimoja cha chai kwa lita.

Kuhusu kutu: unyoya una melanini, yaani rangi yake ya asili, za aina mbili. Ya weusi na kahawia ndiyo inaanza kuvunjika, ile ya wekundu na manjano ni ngumu zaidi kwa peroksaidi. Kwa hiyo jogoo mweusi anapochubuliwa hawi mweupe, anafunuliwa. Wekundu ulikuwemo muda wote chini ya weusi. Na melanini si urembo tu, inaupa unyoya ugumu. Tazameni shakwe, wengi mwili ni mweupe lakini ncha za mbawa ni nyeusi, kwa sababu hapo ndipo panapochakaa. Ukiitoa yote unabaki na unyoya dhaifu hata kama hukuuchoma na dawa.

Na hili naliandika peke yake: ATAKAYEJARIBU JIKI ASIMALIZIE NA SIKI. Jiki na siki vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Jiki na amonia pia vinatoa gesi yenye sumu. Kwenye chumba kisicho na dirisha unaweza kufa. Ndoo ya jiki na ndoo ya divelopa zisikae meza moja.

---

MshipiMmoja

Ahsante daktari. "Anafunuliwa" nimeipenda.

Tumbatu_Bgy, la pili nikujibu mimi: usichukue. Heroe na kongoti ni wanyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hata unyoya ni nyara, unatakiwa uwe na kibali. Ukishikwa hutasema ulikuwa unafunga chambo. Kongoti, ambaye wageni wanamwita marabu, ndiye hasa aliyezipa jina pamba zile ndefu wanazoziita marabu, lakini siku hizi hata hao wa nje wanatumia za batamzinga. Tafuta batamzinga, zile pamba za chini ya tumbo. Zinashika rangi kuliko kitu chochote nilichowahi kutia kwenye sufuria.

Na hao wanaolipa vizuri kwa ndege wa porini si watu wa kuwafuata. Mwaka 2009 kijana mmoja Mmarekani, mpiga filimbi, aliingia usiku kwenye makumbusho ya Tring huko Uingereza akaondoka na ngozi 299 za ndege, nyingine zimekusanywa zaidi ya miaka mia nyuma. Akawauzia wafungaji wa nzi wa samoni, wale wa mapambo, nzi ambazo hata majini hazifiki. Mimi nafungia watu wanaokula samaki wao.

---

KolekoleJr

Wakuu nimejaribu na nimefeli. Manyoya ya jogoo mwekundu wa bibi (alichinjwa kwa ajili ya wageni, sikumuua mimi). Nimeosha, nimetia rangi ya biriani na siki. Rangi imetoka nzuri, chungwa kali. Lakini manyoya yamejikunja kama nywele zilizoungua na uti umekuwa laini, ukiuinua unalala.

---

MshipiMmoja

Yalichemka.

---

KolekoleJr

Dakika tano tu mkuu, nilikwenda kupokea simu.

---

BintiUkili

Simu ndiyo inaunguza mpaka wali.

Usiyatupe mdogo wangu. Chemsha birika, yapitishe juu ya mvuke moja moja, umeshika shina, huku unayanyoosha kwa vidole viwili. Usiyazamishe, mvuke tu. Shemeji yangu ananyoosha hivyo hata manyoya yaliyopinda kwenye mfuko.

---

MshipiMmoja

Mvuke unarudisha yaliyopinda. Yaliyoiva hayarudi. Jaribu matano, ukiona uti bado ni tambi, yakate vipande ufungie shingo ya chambo, pale hapahitaji uti. Mwakani utakuwa fundi.

Kukausha pia nilisahau kuandika. Baada ya kusuuza nayabana ndani ya taulo, halafu nayatia kwenye mfuko wa karatasi na kuelekeza draya ndani huku naukung'uta. Yakitoka majini yanaonekana kama mkia wa panya, usife moyo. Yanafumuka yenyewe. Juani usiyaanike, upepo wa Tanga unajua kuiba, nilishayafuata manyoya ya zambarau mpaka uwanja wa Tangamano.

---

AmbaMalezi (Muheza)

Yakhe, hina je? Mke wangu kila sikukuu ana mabaki ya hina kwenye bakuli.

---

MaabaraMbili

Hina ni chaguo zuri mno, sijui kwa nini hatukuitaja. Rangi yake inajifunga yenyewe kwenye keratini, ndiyo maana ikikaa kwenye kucha haitoki mpaka kucha ikue. Ikoroge na maji ya ndimu, iache saa kadhaa, paka unyoya mweupe au wa kutu, ngoja. Unapata chungwa hadi kahawia nyekundu, na hakuna haja ya jiko.

Manjano ya jikoni nayo inashika kwa urahisi lakini jua linaifuta upesi sana. Chambo cha asubuhi moja.

Piko ndiyo niwaombe muiache au muiguse kwa glavu. Inatoa weusi mzuri, ila ile dawa iliyomo inachoma ngozi za watu wengine vibaya, na ukishapata mzio wake mara moja utakuwa nao maisha.

---

Tumbatu_Bgy

Heroe nimemwachia mwenyewe. Nimepata kanga, yule ndege wa kufugwa si nguo, manyoya ya kifuani yenye madoadoa. Nayo nichubue?

---

MshipiMmoja

Usiyachubue! Kanga anatakiwa abaki alivyo. Osha, tia rangi moja kwa moja. Madoa meupe yanachukua rangi, weusi unabaki mweusi. Nikitia manjano napata vidoa vya manjano kwenye usiku wa giza, nikitia waridi ya dada wa ukili inakuwa kitu cha kutundika ukutani. Nafungia shingo za vyambo vya kolekole.

Kuna watu wameniuliza inbox nafunga mtindo gani. Ule mrefu naufunga kwa namna ya Lefty's Deceiver, aliubuni Mmarekani Lefty Kreh mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa samaki wa ghuba ya Chesapeake, na mwaka 1991 posta ya Marekani wakauweka kwenye stempu. Manyoya matatu matatu kila upande wa ndoana, yamefungwa nyuma kabisa ili yasijisokote, mbele nazungushia nywele za mkia wa mbuzi kwa sababu mkia wa swala wao sina. Kwa nguru lazima waya, bila waya unamlisha tu.

Na kwa mnaodhani ni mchezo wa wageni, jirani zetu Kenya wana warsha za kufunga nzi tangu enzi za mkoloni, zinasafirishwa Ulaya na Marekani. Sisi huku Tanga manyoya tunayatupa jaani nyuma ya mabanda ya chipsi.

---

KolekoleJr

Taarifa: manyoya matano, matatu yamenyooka kwa mvuke. Mawili tambi. Nimefunga kimoja, kimekaa upande kama mlevi lakini nimekifunga mwenyewe.

---

MzeeWaNgalawa

MshipiMmoja, ule mfuko uliomkabidhi mwanangu pale Deep Sea umefika. Nilitoka alfajiri na vyote viwili, nyeupe yangu mkono wa kulia, kutu yako yenye kijani mkono wa kushoto, mwendo mmoja, mshipi sawa kwa sawa. Nje ya kisiwa cha Yambe, kulia akaja mzia mmoja wa kadiri. Kushoto akaja nguru. Sikumpima maana sikumpata, alikata palepale juu ya fundo, na waya wako umefungwa kizembe, nikuambie ukweli. Chambo ameondoka nacho.

Sisemi ni rangi. Chombo kilikuwa kinageuka wakati ule na mshipi wa kushoto ulikuwa nje ya tao.

Nifungie vitatu vya kutu. Waya nitafunga mwenyewe.

---

MshipiMmoja

Nimepokea mzee. Nipe mpaka Jumapili ya wiki ijayo, jogoo mwenyewe bado anawika.